Pemba haina mlima mrefu, mbona barabara ya zamani ya Chake–Wete inamaliza miguu hivi?

#1 MguuWaChake

Salaam aleikum wadau.

Juzi nilitoka Chake baada ya sala ya alfajiri nikaenda Wete kwa baskeli, barabara ya zamani, na alasiri nikarudi kwa njia ile ile. Nimezaliwa kisiwa hichi na njia hii nimeipita mara nisizoweza kuzihesabu, lakini siku zote ndani ya gari, na ndani ya gari mtu huona migongo ya wenziwe tu. Safari hii nimeiona. Pande zote mbili mikarafuu, na kwa kuwa ni msimu, kila penye uwazi wa jua pana jamvi la karafuu. Unashuka bondeni kwenye mpunga na migomba, hewa inapoa ghafla kama umeingia ukumbi wa nyumba ya mawe, kisha unapanda tena unatokea kwenye joto na harufu ya karafuu mbichi. Pahala pamoja bibi mmoja alikuwa akichambua na wajukuu zake, mkono mmoja umeshika kishada, wa pili unazipukusa karafuu kwenye pishi, na macho yake yote yako kwangu. Akaniuliza, "Mwanangu, unakimbizwa na nani?"

Sasa swali langu. Nilifika Wete miguu inatetemeka. Nilikaa pale juu mjini nusu saa nzima naiangalia bandari chini, siwezi kushuka kwa kuogopa kupanda tena. Mimi si mgeni wa baskeli. Nilipokuwa nasoma Unguja nikitoka mjini hadi Makunduchi, masafa zaidi ya mara mbili ya haya, na jioni nacheza mpira. Na Pemba hakuna kilima kinachofika hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Masingini ya Unguja ni mita 120 hivi na watu huiita ndogo.

Basi ni kitu gani kinachomaliza miguu kwenye njia hii? Nataka sababu, siyo pole.

#2 Kikwajuni

Hamia Unguja yakhe. Barabara zetu zimelala.

#3 Mwl. Ramani

Waaleikum salaam. MguuWaChake, umeuliza kimo cha kisiwa, lakini miguu yako haijui kimo cha kisiwa. Miguu inalipa jumla ya mipando. Chukua mfano wa hesabu: bonde na mgongo wa kilima vikipishana mita 30, na ukapanda hivyo mara 15, umepanda mita 450. Hakuna pahala ulipofika juu, lakini kazi umeifanya yote.

Ukiuliza kwa nini Pemba iko hivyo, jibu liko chini ya ardhi. Mashariki ya Unguja, kutoka Jozani kwenda Makunduchi, unapita juu ya jiwe la matumbawe, ile tunayoiita maweni. Maji ya mvua hayakai juu yake yakachimba mito, yanazama kwenye mapango. Kwa hiyo ardhi imebaki bapa. Katikati na magharibi ya Pemba ni udongo na mchanga mzito wa zamani, mvua ni nyingi, na kila kijito kimejichimbia bonde lake. Kisiwa kimekatwakatwa kama mkate. Halafu Pemba iliachana na bara zamani sana kuliko Unguja. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kidogo, zama za barafu Unguja ilikuwa imeungana na bara. Mkondo wa Pemba unakwenda chini mamia ya mita. Vijito vyetu vimekuwa na muda mrefu wa kufanya kazi.

Barabara inakatiza mabonde yale moja baada ya jengine. Ndiyo hayo.

#4 Fundi Spoki

Ahsante mwalimu kwa somo, lakini kabla ya kulaumu ardhi tukague chombo. Baskeli gani? Gia ngapi? Kiti kiko wapi? Cheni umetia nini?

#5 MguuWaChake

Fundi, baskeli ya chuma, gia moja, karia nyuma. Kiti kiko chini kidogo kwa sababu mdogo wangu huenda nayo skuli. Cheni nilitia mafuta ya nazi asubuhi ile ile, nzuri, inang'aa.

#6 Fundi Spoki

Nimeshapata jibu, na mwalimu atanisamehe.

Kwanza kiti. Panda baskeli, egemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiwa umekunjika, basi kila mzunguko unasukuma kwa goti na nusu ya paja, na njia ya Wete ina maelfu ya mizunguko. Kwenye barabara bapa ya Makunduchi hutoona tofauti, kwa sababu hujakaza. Kwenye mpando utaiona.

Pili cheni. Mafuta ya nazi ni ya nywele na wali. Yanashika vumbi, na vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta linakuwa msasa. Ukifika nusu ya njia cheni imeshakuwa nzito na inakula meno ya freweli. Shika cheni kwa kitambaa kikavu, zungusha pedeli kinyumenyume mpaka kitambaa kisitoke cheusi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila kiungo, na ufute tena juu. Mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo, siyo nje.

Tatu upepo wa tairi. Bonyeza kwa kidole gumba ukiwa umekaa juu yake, siyo ikiwa imesimama tupu.

Baskeli za namna hii nimetengeneza miaka mingi. Wanaokuja kunilalamikia milima, wengi wao kiti kiko chini.

#7 BintiShamba

Fundi sikukatai, ila nina neno.

Baba yangu alikuwa na baskeli ya chuma, gia moja, na kiti chake chini kuliko cha ndugu yetu hapo juu, kwa sababu baba alikuwa mfupi na gunia la karafuu kavu kwenye karia halitaki mtu asiyefika chini kwa miguu yote miwili. Kila msimu aliipeleka karafuu yetu kituoni kwa baskeli ile. Mipando alikuwa anashuka na kusukuma, bega lake limeegemea gunia. Miteremko ndiyo iliyokuwa ikitutia khofu, maana breki za fimbo zilikuwa hazitoshi kwa mzigo ule. Alikuwa akiweka ndara yake baina ya tairi na uma wa mbele, anakanyaga taratibu. Harufu ya mpira ulioungua iliingia nyumbani kabla yake. Ndara ya mguu wa kulia siku zote ilikuwa na mfereji katikati.

Hakuwahi kusema kachoka kwa sababu ya kiti. Alisema kachoka kwa mteremko. "Kupanda unajua unachokipata," alikuwa akisema, "kushuka ndiko kunakokumaliza, kwa sababu mwili wote unazuia." Mikono, mgongo, mapaja. MguuWaChake, ulikuwa unashikaje breki?

#8 MguuWaChake

Bi BintiShamba, umenigusa. Ni kweli nilikuwa nashika breki karibu miteremko yote. Chini kuna kona na kuna daraja, na wakati mwengine kuna ng'ombe.

#9 Dereva606

Hapo ndipo nilipokuwa nikingoja.

Mimi nimeendesha gari za abiria za namba 606, Chake–Wete, kwa miaka. Siri ya njia ile ni kuwa mteremko haukupi kitu. Barabara nyengine ukishuka unapata kasi, kasi ile inakupandisha nusu ya mlima unaofuata. Barabara ya zamani, chini kabisa ya bonde ndipo penye kona au daraja jembamba, lazima ufunge breki pale pale ambapo ungetaka uachie. Unaanza mlima kutoka sifuri. Na gari ni hivyo hivyo, namba mbili, namba moja, mashine inalia. Kila mlima unalipa taslimu, hukopeshwi na mteremko.

Na turekebishe masafa kabla watu hawajaanza kubishana: barabara ya zamani ni kilomita 22 hivi. Wanaosema 30 wanahesabu barabara kuu.

#10 Mama Nesi

Wote mnazungumza chuma na udongo. Mtu je?

Mwili unapoa kwa jasho kukauka, siyo kwa jasho kutoka. Ukipanda mlima polepole chini ya mikarafuu hakuna upepo, na hewa ya mabondeni imejaa unyevu, jasho linatiririka tu. Damu inapelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, miguu inapata kidogo, moyo unakwenda mbio. Kutetemeka kwa miguu baada ya kufika kunaweza kuwa ni maji na chumvi vimekwisha. Ulikunywa nini njiani, na ulikula nini kabla ya kutoka?

#11 MguuWaChake

Chai na boflo moja. Njiani dafu moja, nusu ya safari.

#12 Mama Nesi

Ahsante kwa kusema kweli. Dafu moja kwa safari ile ni kidogo sana. Beba chupa, kunywa kabla kiu haijaja, na utie chumvi kidogo na sukari.

#13 Kikwajuni

Mimi naongeza moja ambayo nyote mmeisahau: upepo. Aliyesema kaenda Makunduchi na kurudi bila ya kuchoka, aseme ulikuwa mwezi gani. Ikiwa ni wakati wa kusi, basi kwenda alipigana nao, lakini kurudi mjini alisukumwa mgongoni. Anakumbuka alivyorudi, kasahau alivyokwenda.

#14 Mwl. Ramani

Hoja nzuri ya Kikwajuni lakini inajikata yenyewe. Chake kwenda Wete ni kuelekea kaskazini. Sasa hivi ni kusi. Kwa hiyo alisukumwa njia nzima, na bado kafika Wete anatetemeka.

#15 Kikwajuni

Mwalimu, upepo upi huo unaoingia ndani ya bonde lenye mikarafuu pande mbili? Sisi kwetu kweupe. Kwenu upepo unapita juu ya miti, yeye yuko chini anapikika. Mama Nesi kashasema.

#16 PembaHadiCape

Nawasalimu kutoka mbali. Mimi ni mtoto wa Mkoani, niko Cape Town kwa kazi. Uzi huu umenikamata kwa sababu mwezi wa pili nilifanya safari ya baskeli ambayo nilitaka kuihadithia na sikuwa na wa kumhadithia.

Nyuma ya milima ya huku kuna bonde linaitwa Elgin, mji wake mdogo ni Grabouw, kama kilomita 70 kutoka Cape Town. Ni nchi ya matofaha. Yamepandwa kwa mistari chini ya milima, miti mifupi imefungwa kwenye waya, matunda mekundu mpaka chini karibu na majani ya ardhini. Baina yake mashamba ya zabibu za mvinyo, na majumba ya kuuzia mvinyo yenye kuta nyeupe. Watu wanazunguka kwa baskeli shamba hadi shamba. Mimi sikuwa na shughuli na mvinyo, nilinunua matofaha na juisi ya zabibu, nikala chini ya mti wa msonobari. Ulikuwa wakati wa mavuno, matrekta yanavuta makasha makubwa ya mbao yaliyojaa matunda, na wavunaji wana mifuko ya turubai kifuani, wanajaza kwa upole kama wanaotia mayai. Nilisimama nikawaangalia muda mrefu. Nilikumbuka kwetu, mchumaji yuko juu ya mkarafuu kajifunga kamba, anavuta tawi kwa ngowe, anaimba.

Lakini nirudi kwenye swali. Kuingia bonde lile unapita Sir Lowry's Pass, na pale juu ni zaidi ya mita 400. Ni mpando mmoja. Unatia gia nyepesi, unapata pumzi yako, unapanda nayo mpaka juu. Nilichoka, lakini kwa uchovu wa heshima. Nilipokuja likizo nikapanda baskeli Mkoani hadi Chake nilichoka vibaya zaidi. Naungana na Dereva606: siyo kupanda kunakouma, ni kuanza upya. Kila mara mwili ukizoea kupanda unaambiwa shuka, ukizoea kushuka unaambiwa panda.

#17 Fundi Spoki

Umesema mwenyewe: "unatia gia nyepesi." Huko ulikuwa na gia. Mkoani je?

#18 PembaHadiCape

Fundi, Mkoani ya kuazima, gia moja. Nimekubali nusu.

#19 Mzee Jamvi

Wanangu, nawasoma kwa raha. Ila PembaHadiCape kanichanganya. Matofaha yenye mistari na waya ni yepi hayo? Kwetu tofaa ni mti mkubwa wenye kivuli, maua yake ya rangi ya zambarau iliyokolea yakianguka chini unadhani mtu katandika msala. Tunda lake lina umbo la kengele, jekundu, ndani jeupe la maji, na kokwa moja kubwa. Harufu yake waridi. Ninalo moja nyuma ya nyumba, babu yangu ndiye aliyelipanda.

#20 PembaHadiCape

Mzee wangu shikamoo. Ni kweli, jina moja matunda mawili. Haya ya huku ni yale ya dukani yanayokuja kwenye makatoni, yana mbegu ndogo ndogo katikati. Bara wanayalima Lushoto na Njombe, kwenye baridi. Pemba hayawezi, yanataka baridi ya kweli ili yachanue.

#21 Mwl. Ramani

Marahaba kwa niaba ya mzee. Hapa pana jambo zuri ambalo sitaki lipite. Tofaa la Mzee Jamvi ni ndugu wa mkarafuu. Wote wawili wataalamu wa mimea wanawaweka kwenye jenasi moja, Syzygium, na mzambarau pia umo humo humo. Angalieni ua la tofaa na ua la karafuu lililoachwa likafunguka: nyuzi nyingi zilizosimama kama brashi. Lile tufaha la Elgin liko kwenye ukoo wa mwaridi. Kwa hiyo tofaa letu linanukia waridi na si wa ukoo wake, na lile la ukoo wa mwaridi halinukii waridi.

#22 Kikwajuni

Kwa hiyo MguuWaChake alikuwa anapita kwenye bustani ya matofaa njia nzima bila ya kujua. Na karafuu ni ya kwetu tangu asili, wao huko wameletewa yao.

#23 Mwl. Ramani

Hapana. Karafuu si ya asili yetu. Asili yake visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Wafaransa waliipeleka Mauritius na Réunion, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said ndiye aliyeisukuma mpaka ikaenea.

#24 Nahodha wa Mkoani

Na kabla ya kile kimbunga cha 1876 karafuu nyingi zilikuwa Unguja, siyo Pemba. Wengi hawalijui hilo.

#25 Mzee Jamvi

1872 mwanangu, mwezi wa Aprili. Unguja ilipigwa, mikarafuu ikalala chini mashamba kwa mashamba, na Pemba ikasalimika. Baada ya hapo ndipo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Na hapa ndipo nilipo na jibu langu la swali la kijana, nimelingojea mpaka mumalize.

Babu yangu alikuwa akitwambia hivi: njia zetu hazikuchorwa na mtu wa barabara. Zilikuwa njia za wachukuzi wa karafuu kutoka shamba hadi shamba, na shamba la mkarafuu liko juu ya kilima na kwenye mgongo wake, kwa sababu mkarafuu hautaki miguu yake ikae kwenye maji. Bondeni ni mpunga. Kwa hiyo njia ilipanda kila kilima kwenda kuchukua mzigo, ikashuka, ikapanda chengine. Magari yalipokuja wakaitanua njia ile ile. Mtu mwenye akili ya kwenda Wete tu angepita kwengine. Njia ile haikuwa inakwenda Wete, ilikuwa inazikusanya karafuu.

#26 BintiShamba

Mzee, ahsante. Nimesoma mara mbili.

#27 Mwl. Ramani

Inapendeza, lakini ramani hainipi ushahidi wa kutosha. Vijito vingi vya upande ule vinatoka katikati kwenda magharibi, kwenye ghuba. Anayekwenda kaskazini lazima avikatize, awe mchukuzi wa karafuu au mhandisi. Hata kama Pemba isingekuwa na mkarafuu hata mmoja, mabonde yangekuwepo pale pale.

#28 Mzee Jamvi

Mabonde yangekuwepo. Kona zisingekuwepo.

#29 Dereva606

Hapo mzee kasema kweli tupu. Zile kona kila moja ina shamba lake.

#30 MguuWaChake

Nashukuru nyote, sikutegemea. Naomba niongeze swali jengine kwa sababu limenikaa. Wakati wa kurudi, jua limeshashuka, nilipita bonde moja nikakutana na harufu ya karafuu nzito kiasi cha kunikaba koo. Hakukuwa na jamvi, hakukuwa na nyumba, mpunga tu na kijito. Asubuhi pahala pale pale sikusikia kitu. Inatoka wapi?

#31 BintiShamba

Majamvi huko juu yanakunjwa wakati wa magharibi. Karafuu iliyopigwa na jua siku nzima ukiikusanya lundo inatoa moshi wa harufu. Inateremka.

#32 Kipanga wa Wawi

Mimi ninayekaa Wawi naweza kukwambia harufu ya magharibi si ya majamvi peke yake. Hapa kuna kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vinachemshwa kwa mvuke vinatoa mafuta. Harufu yake upepo ukiwa mzuri inakwenda mbali.

#33 Mwl. Ramani

Kwa kusi, harufu ya Wawi ingeweza kwenda kaskazini, sikatai. Lakini hewa ya jioni ikianza kupoa inakuwa nzito, inateremka kwenye mabonde kama maji, na inakokota kila kilichokuwemo juu. Asubuhi jua likipata nguvu inapanda tena. Naliona hilo ni jepesi zaidi kuliko kiwanda.

#34 Fundi Spoki

Au alikanyaga majani ya mkarafuu. Majani nayo yananukia ukiyasaga. Tairi inayasaga vizuri sana, na yule kavaa mafuta ya nazi kwenye cheni, kila kitu kinamganda.

#35 Popo wa Kidike

Samahani naingilia. Mkipita upande wa Kidike msije mkasahau popo. Wale wakubwa wa Pemba, hawapatikani pengine duniani. Jioni wanaondoka mmoja mmoja mpaka mbingu inajaa, na ukiwa kwenye baskeli unawasikia mbawa zao, kwenye gari husikii. Nilimpeleka mwanangu wa miaka sita, alikaa kimya njia nzima ya kurudi, kisha akauliza kama popo nao wanachoka kupanda.

#36 Mama Nesi

Mwambie wanachoka, na wanakula matunda usiku kucha.

#37 MguuWaChake

Wadau, nimerudi. Wiki moja imepita na leo nimeirudia njia.

Kiti nimepandisha kama alivyosema Fundi, kisigino juu ya pedeli, mguu umenyooka. Cheni nimeifuta, kitambaa kilitoka cheusi mara nne. Chupa mbili za maji, chumvi na sukari. Kwenye miteremko nilijaribu kutozuia mapema, nikafunga breki karibu na kona tu, na namshukuru Mungu ng'ombe hawakuwepo. Nimefika Wete sitetemeki. Nimeshuka mpaka bandarini, nimekaa na kipande cha halua na kahawa, nimepanda tena.

Lakini sijui kipi kilichosaidia, maana nimefanya vyote kwa pamoja. Nimehesabu milima. Kwenda 17, kurudi 14.

#38 Mwl. Ramani

Umekosea utafiti kijana, ungebadilisha kimoja kimoja. Na inakuwaje njia moja iwe na milima 17 kwenda na 14 kurudi?

#39 Dereva606

Ni 11. Nimepita maelfu ya mara. Mlima ni pale unapobadilisha gia.

#40 Fundi Spoki

Mwenye gia moja abadilishe nini? Mlima ni pale unapoinuka kwenye kiti.

#41 Mwl. Ramani

Tukubaliane basi mita kumi kutoka chini hadi juu, vyenginevyo kila mtu atakuwa na hesabu yake.

#42 BintiShamba

Baba alikuwa akihesabu pale anaposhuka na kusukuma. Saba. Na mmoja wa saba hizo ulikuwa mlima siku za mvua tu.

#43 PembaHadiCape

Mimi nakuja mwezi wa kumi na mbili inshallah. Naomba munihesabie wangu.

#44 MguuWaChake

Jumamosi, nyuma ya uwanja wa Gombani, saa kumi na mbili asubuhi. Ntakuja na chaki, tutatia alama kila mlima tutakaokubaliana. Fundi nimeshamwambia. Mwalimu, nawe uje, baskeli ya mdogo wangu ipo.

#45 Mwl. Ramani

Ntakuja. Kiti usikishushe.

#46 Mzee Jamvi

Mimi siwezi tena kupanda baskeli, lakini mkifika kwenye kona yenye mwembe uliokatwa nusu, nyumba ya pili kushoto. Tofaa langu limezaa. Chukueni mfuko.

#47 Fundi Spoki

Tumeshakuwa watano. Nani ana pampu ya mkono? Yangu imekatika mpira.